Mwaka mmoja na Bazzite kwenye PC ya zamani: nani ahamie Linux kwa ajili ya gemu na nani atulie alipo

Nianze na mashine yenyewe ili kila mtu ajue naongelea nini. Ni PC ya mezani, prosesa i5-6500 yani kizazi cha 6, RAM GB 16, SSD GB 480, na kadi ya grafiki ni RX 580 ya GB 8, kadi iliyotoka 2017 ambayo mi nimeinunua ikiwa imeshatumika na baadae nikaja kugundua ilikuwa inachimba sarafu za mtandaoni maana feni moja ilikuwa inalia kama kinu cha kusaga, duka silitaji, feni nilibadilisha na mpaka leo inapiga kazi. Sasa mashine kama hii Windows 11 haiitaki, wao wanataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, kile kichipu cha usalama, na Windows 10 yenyewe Microsoft waliifunga tarehe 14 Oktoba 2025, ukitaka kuongezewa muda wa apdeti za usalama kwa mtumiaji wa kawaida ni mwaka mmoja tu basi. Na mashine za aina hii ndo zimejaa mtaani kwetu, zile EliteBook na ThinkPad za kizazi cha 6 na cha 7 zinazoshushwa kwenye makontena, kila mtu anayo moja au anamjua mwenye nayo. Kwa hiyo hili sio jambo la wataalamu wa kompyuta peke yao, linamgusa yeyote mwenye mashine nzima isiyo na tatizo lolote ila imeambiwa muda wake umeisha.

Mi nilihama kabla ya hiyo tarehe, nikaweka Bazzite, sasa ni mwaka na kitu. Naandika kila kitu nilichokutana nacho maana nilipokuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili sikuona kitu, vyote ni vya watu wenye mashine kubwa na intaneti isiyoisha.

Bazzite ni nini. Ni mfumo kamili wa Linux, yani mfumo huria wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, umejengwa juu ya Linux nyingine inaitwa Fedora, ila wenyewe wameshaupakia vitu vya gemu tayari, Steam ambayo ni duka la gemu za PC iko ndani, Lutris ya kufungulia gemu zisizo za Steam iko ndani, draiva ziko ndani, ukiwasha tu unaingia kwenye akaunti yako unaanza kushusha gemu. Kuna toleo la kawaida lenye desktopu, ukichagua mwonekano wa KDE inafanana sana na Windows kwa mpangilio, menyu kushoto chini na saa kulia, na kuna toleo lingine ambalo ukiwasha linafunguka moja kwa moja ndani ya Steam kama vile umewasha PlayStation, unatumia pedi tu bila kugusa kibodi, hilo linawafaa wanaotaka kuunganisha PC kwenye TV sebuleni. Mi natumia la desktopu kwa sababu hii mashine pia nafanyia kazi zangu za kawaida.

Kuiweka sio kazi ngumu kuliko kupiga Windows, flashi ya GB 16, unaandika lile faili kwenye flashi, unawasha mashine kupitia flashi, unafuata maelekezo. Lakini vitu viwili vitakukwamisha usipoambiwa mapema. Cha kwanza faili lenyewe ni zito, Linux Mint kwa mfano, ambayo ni Linux nyingine ya kawaida, ni kama GB 3 hivi ila hili la Bazzite ni zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo tafuta sehemu yenye waifai au subiri bando la usiku. Cha pili, kama mashine yako Secure Boot imewashwa, ule ulinzi unaokagua mfumo wakati wa kuwasha, ukimaliza kuweka itakuja skrini ya bluu inayokuuliza habari ya ufunguo na inataka pasiwedi, watu wengi wanafikiri imeharibika wanazima, kumbe pasiwedi yenyewe ni neno universalblue, unaandika hivyohivyo herufi ndogo bila nafasi, inaendelea. Mi skrini hiyo ilinikalisha usiku mzima nikidhani nimeua SSD.

Sasa swali ambalo kila mtu ananiuliza, gemu za Windows zinafungukaje kwenye Linux? Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo maana ukielewa hii utaelewa na kwa nini gemu nyingine zinagoma. Gemu ya Windows inaongea lugha ya Windows, ikitaka kufungua faili, ikitaka kuchora kitu kwenye skrini kupitia DirectX, vyote inaagiza kwa lugha hiyo. Kuna programu inaitwa Wine, ilianza 1993, kazi yake ni kukaa katikati kama mkalimani, inapokea agizo la Windows inaligeuza kuwa agizo la Linux palepale. Haiigizi kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, ndo maana haili nguvu nyingi kama watu wanavyodhani. Kwa miaka mingi Wine ilikuwa inafungua programu za kawaida vizuri ila kwenye gemu nzito ilikuwa inahema. Kilichobadilisha mambo ni jamaa mmoja anaitwa Philip Rebohle ambaye alitaka kucheza NieR: Automata kwenye Linux, akaanza kuandika DXVK, hii inageuza maagizo ya DirectX kuwa Vulkan, na Vulkan kadi ya grafiki inaielewa moja kwa moja. Valve wenye Steam wakaona hii kazi, wakamuunga mkono, wakashirikiana na CodeWeavers ambao ndo wanaibeba Wine, na Agosti 2018 wakatoa Proton, yani Wine na DXVK na vikorokoro vingine vimefungwa pamoja ndani ya Steam, wewe unabonyeza kitufe cha kucheza tu hujui hata nini kinaendelea nyuma.

Na Valve hawakufanya hivi kwa huruma. Mwaka 2012 bosi wao Gabe Newell alikuwa analalamika hadharani kuhusu Windows 8, maana Microsoft walikuwa wanaleta duka lao ndani ya Windows na mtu mwenye duka la gemu ndani ya nyumba ya mwenzie lazima ashtuke. 2013 wakaleta Steam ya Linux, 2015 wakaleta mashine za Steam Machine, zikafeli, kwa sababu walikuwa wanategemea watengeneza gemu waandike gemu zao upya kwa ajili ya Linux na wengi hawakuandika. Kosa lile ndo lilizaa Proton, wakaacha kuwasubiri watengeneza gemu wakaamua kuzileta gemu jinsi zilivyo. Februari 2022 Steam Deck ikatoka, kile kimashine cha mkononi, ndani yake ni Linux tupu, na kuanzia hapo kila gemu kubwa inayotoka kuna mtu anauliza inachezeka kwenye Deck au haichezeki. Sisi huku Deck haijawahi kuuzwa rasmi, wanaokuwa nayo wameagiza, ila faida yake imetufikia maana kila kinachorekebishwa kwa ajili ya Deck kinakuja na kwenye PC yangu bure.

Haya nimecheza nini. The Witcher 3, GTA V upande wa stori, Hades, Portal 2 tena kwa mara ya sijui ngapi, Euro Truck Simulator 2 ambayo hii yenyewe ina toleo lake la Linux kabisa haihitaji mkalimani, na Elden Ring. Kwenye Witcher na GTA sijaona tofauti yoyote na nilivyokuwa kwenye Windows kwa macho yangu, nimewasha kile kibao cha MangoHud kinachoonyesha namba za fremu pembeni ya skrini na kwa grafiki za kati kwenye 1080p natembea vizuri. Elden Ring i5 yangu iko chini ya kiwango walichoandika kwenye gemu, kwa hiyo nimeshusha grafiki na kufunga fremu kwenye 30, inatulia. Na hii gemu ina historia, ilipotoka Februari 2022 ilikuwa inashtukashtuka kwenye Windows, Valve wakairekebishia ndani ya Proton na watu wa Linux wakawa wanaicheza kwa utulivu zaidi kuliko waliokuwa kwenye mfumo ambao gemu imetengenezewa. Niliposoma ile habari ndo siku niliyoanza kuichukulia hii kitu kwa uzito.

Kuna mara gemu ilifunguka skrini nyeusi, hapo unaenda kwenye setingi za hiyo gemu ndani ya Steam, sehemu ya kuchagua Proton, unabadilisha toleo, ama unaweka GE-Proton ambayo inatengenezwa na jamaa wa pembeni na huwa ina marekebisho ya haraka hasa kwa gemu zenye vipande vya video vinavyogoma. Kabla sijanunua chochote naangalia ProtonDB, pale watumiaji wenyewe wanaandika gemu fulani ilikuwaje kwenye mashine gani, ikiwa Platinum au Gold nanunua, chini ya hapo nasoma maoni kwanza. Na kumbuka Steam wanarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya masaa 2, hii mi nimeitumia mara moja kwa gemu iliyokataa kabisa kufunguka, hela ikarudi kwenye akaunti bila maswali. Kulipia natumia kadi ya mtandaoni unayotengeneza kwenye simu, na sinunui gemu mpya, nasubiri punguzo. Wengi tumekua na gemu za kukopi kwenye flashi, najua, ila ukisubiri msimu wa punguzo gemu ya miaka mitano nyuma unaipata kwa bei ya chipsi kuku na inakuwa ya kwako.

Sasa bando. Hii sehemu wazungu hawaiandiki kabisa na kwetu ndo kila kitu. Gemu zina vitu vinaitwa sheda, maelezo ya namna kadi yako itachora vitu, na Steam kwenye Linux badala ya kuzitengeneza wakati unacheza ikakushtua, inazishusha mapema zikiwa tayari. Ni nzuri, gemu inakuwa laini. Ila zinashushwa tena na tena kila zikibadilika, na kwa mtu mwenye bando la simu unaweza ukashangaa GB zimeyeyuka na hujafungua gemu hata moja, mi wiki ya kwanza bando la mwezi liliniishia siku ya sita. Nikaenda kwenye setingi za Steam, sehemu ya kushusha, nikazima ile ya sheda. Toka hapo gemu ikifunguka mara ya kwanza inachukua muda kidogo na inaweza kushtuka dakika za mwanzo, baada ya hapo inakaa sawa. Kwa kadi za AMD hii haiumi sana kwa sababu Valve walijenga kitafsiri cha sheda kinaitwa ACO ndani ya draiva ya bure ya AMD, kina kasi sana, toka 2020 ndo kinachotumika chenyewe bila kukiwasha. Pia mfumo wenyewe unajiapdeti na apdeti zake sio ndogo, weka zije usiku ama zima uwe unaziita mwenyewe.

Kitu kingine ambacho kimeniokoa ni ile ya Steam kuhamisha gemu kutoka mashine moja kwenda nyingine zikiwa kwenye waifai moja bila kugusa intaneti, waliileta 2023. Mshkaji wangu ana Windows na GTA V, alikuja na laptopu yake nyumbani, tukaziunganisha kwenye rauta moja, gemu nzima ikavuka kutoka Windows yake kuja Bazzite yangu, mi nikaja kumalizia kivipande kidogo tu kwa bando. Lazima na wewe uwe umeinunua kwenye akaunti yako, hilo lieleweke. Ila usijaribu kucheza gemu ukiwa umeiacha kwenye hadidiski ya muundo wa Windows ule wa NTFS, mi nilijaribu nikitaka kuokoa nafasi, gemu zikawa zinagoma kufunguka bila sababu inayoeleweka, nikaforomati diski kwa muundo wa Linux na tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Umeme. Mtu yeyote aliyewahi kukatiwa umeme Windows ikiwa asilimia 60 ya apdeti anajua presha yake. Bazzite haibadilishi faili mojamoja ndani ya mfumo unaotumia, inaandaa mfumo mpya mzima pembeni, ukishakamilika ndo unahamia ukiwasha tena mashine, na ule wa zamani unabaki. Umeme ukikatika katikati unarudi kwenye ule wa mwanzo kama hakuna kilichotokea. Imenitokea zaidi ya mara tatu na sijawahi kupoteza kitu. Na apdeti ikija na tatizo, ukiwasha mashine unachagua ule wa jana kwenye orodha, unaendelea na maisha. Kwa hili peke yake mi naipa Bazzite alama zote, kwa mazingira yetu sioni mfumo wa Windows unaoifikia.

Nimeijaribu pia kwenye EliteBook 840 G3 ya dada yangu, ile ina Intel HD 520 haina kadi ya pembeni. Hapa usitegemee Elden Ring. Lakini Stardew Valley, Hollow Knight, Celeste, Left 4 Dead 2, Half-Life, zote hizo zinaenda, na ukiweza weka RAM mbili badala ya moja, mfano GB 4 mbili badala ya GB 8 moja, maana grafiki ya Intel inatumia RAM ya mashine na zikiwa mbili njia inakuwa pana, tofauti unaiona kwa macho. Ila hapa kuna mpaka ambao lazima niuseme kwa sauti. Intel kizazi cha 6 na kuendelea inajua Vulkan 1.3, na DXVK toka toleo la 2.0 la Novemba 2022 inataka Vulkan 1.3. Kama laptopu yako ni kizazi cha 3 au cha 4, zile za HD 4000 na HD 4400, haifiki hapo, itabidi urudishe Proton za zamani kwa mkono, na gemu nyingi zitakugomea. Ukiambiwa dukani kwamba Linux inafufua mashine yoyote, kwa kazi za ofisi na kuangalia muvi ni kweli, kwa gemu angalia kizazi kwanza. Na kwa laptopu yenye RAM GB 8 pekee ya kazi na gemu ndogondogo, mi ningeweka Linux Mint maana ni nyepesi kushusha na Steam inaingia vilevile, Bazzite hapo ni mzigo.

Haya sasa tufike kwenye kidonda chenyewe.

Nina rafiki ana kibanda cha gemu, PlayStation tatu na TV tatu, watoto na vijana wanalipa kwa mechi. Aliponiona nacheza kwenye PC ya bei rahisi akaniuliza, kaka hivi siwezi kuweka hizi badala ya kununua PS nyingine? Nikamuuliza wateja wako wanacheza nini, akacheka akasema kuna kingine zaidi ya FC, ile gemu ya mpira? Nikamwambia basi hapana. FC za EA kwenye PC zinakuja na programu ya kukagua wanaochiti, antichiti, inayoingia mpaka ndani kabisa ya Windows kwenye kerneli, moyo wa mfumo, na hiyo kwenye Linux haipo kabisa. Gemu haifunguki hata kama unataka kucheza na mdogo wako kwenye kochi bila intaneti. Valorant hivyohivyo, Fortnite nayo haifunguki, Call of Duty mpya na Battlefield 6 hivyohivyo, League of Legends ilikuwa inachezeka miaka na miaka mpaka 2024 walipoweka antichiti yao ya Vanguard, ikafa. GTA Online waliweka antichiti ya BattlEye Septemba 2024, kwa hiyo stori ninacheza ila mtandaoni nimefungiwa mlango. Apex Legends ilikuwa inaruhusu, tarehe 31 Oktoba 2024 wakaitoa Linux wakisema wachitaji wanapitia huko.

Na kinachoniuma ni kwamba sehemu ya hili sio tatizo la ufundi. Easy Anti-Cheat na BattlEye, zile mbili zinazotumika zaidi, toka 2021 zina njia ya kufanya kazi na Proton, mwenye gemu anatakiwa kukubali tu. Elden Ring wanatumia Easy Anti-Cheat na mtandaoni inachezeka kwenye Linux. Kwa hiyo gemu mbili zenye mlinzi yuleyule, moja inakuruhusu na nyingine inakukataa, kwa uamuzi wa mtu mmoja ofisini. Naelewa hoja yao, kwenye Linux mwenye mashine anaweza kubadilisha kerneli yake mwenyewe, kwa hiyo programu inayotegemea kuikagua kerneli haina pa kushika, na hakuna anayependa kucheza na mtu anayeona kupita ukuta. Lakini Valve wenyewe wana Counter-Strike 2 na Dota 2 zenye matoleo ya Linux, zinachezwa na watu wengi kuliko karibu gemu zote za Steam, na hawajawafukuza watu wa Linux. Kukagua wachitaji kwenye seva, kuangalia mtu anachezaje, ni kazi ngumu zaidi na ya gharama zaidi, na mi naamini hiyo ndo sababu wengi wanachagua njia ya kuingia kwenye mashine ya mteja.

Kwa hiyo kama maisha yako ya gemu ni FC, Valorant au Warzone na washkaji, usihame. Nasema hivyo nikiwa naipenda Linux kwa moyo wote. Nimeona watu wanashawishiwa wahame, wanafuta Windows, kesho yake wanagundua gemu moja wanayocheza haipo, wanarudi na hasira na hawataki tena kusikia neno Linux.

Nvidia nipite haraka. Inafanya kazi, Bazzite wana faili lake maalum la Nvidia na unapolishusha lazima uchague kulingana na kadi yako, kadi mpya zina lake na zile za GTX 900 na GTX 1000 zina lake. Ila gemu za DirectX 12 kwenye Nvidia zinapoteza kasi ukilinganisha na Windows, na hizo GTX 1050 Ti na 1060 zinazouzwa sana mtaani Nvidia wameshaziacha, draiva za tawi la 580 ndo za mwisho kwao. AMD ni kinyume, draiva ni huria, watu wakiwemo wa Valve wanaendelea kuzishughulikia hata kadi kongwe. Ukiwa unanunua kadi iliyotumika kwa ajili ya Linux, RX 570 au RX 580 usiiache kwa GTX 1060, hilo nasema bila kusita.

Mbele kukoje? Oktoba 2025 kwenye takwimu za Steam watumiaji wa Linux walivuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza, 3.05. Unaweza ukasema ni ndogo, ila kwa miaka mingi ilikuwa inazunguka kwenye asilimia moja hapo. Lenovo wameshatoa Legion Go S, kimashine cha mkononi kama Deck, yenye SteamOS, ile Linux ya Valve, toka kiwandani. Novemba 2025 Valve wakatangaza Steam Machine mpya, boksi dogo la sebuleni lenye Linux, na Steam Frame, kifaa cha kuvaa usoni ambacho kina prosesa ya aina ya simu na kinafungua gemu za PC kwa kupitia mkalimani mwingine anaitwa FEX. Hiyo ya mwisho mi ndo inanipa hamu zaidi, maana kama gemu za Windows zinaweza kwenda kwenye prosesa za simu, basi miaka michache mbele huku kwetu ambako kila mtu ana simu na wachache wana PC mambo yanaweza kuwa tofauti kabisa. Na kwenye kerneli ya Linux 6.14 ya Machi 2025 wameingiza NTSYNC, inayoifanya Wine ipange foleni za kazi kama Windows inavyopanga, gemu zinazotumia prosesa sana zinanufaika na kwa i5 yenye kori nne kama yangu hilo sio dogo.

Wasiwasi wangu ni mmoja, mzigo mkubwa uko kwa kampuni moja. Leo Valve wakibadili mawazo, nani atawalipa hawa watu? Najifariji kwamba Wine na DXVK ni kazi huria, haziwezi kufungiwa kabatini. Ila Bazzite yenyewe ni kazi ya watu wa kujitolea, na katikati ya 2025 kulikuwa na pendekezo ndani ya Fedora la kuondoa vifurushi vya biti 32, ambavyo Steam inavihitaji, mwanzilishi wa Bazzite akasema wazi kwamba hilo likipita bora mradi ufungwe. Pendekezo likaondolewa ndani ya siku chache. Mi nilikaa siku zile nasoma kila kinachoandikwa, maana nilikuwa nimeshazoea, nimeshaweka kila kitu changu humo. Kama ingetokea ningehamia Mint au CachyOS na gemu zangu zingekuwepo zilezile kwenye Steam, ndo uzuri wake, ila ningeumia.

Alama zangu kwa mashine kama yangu, kadi ya AMD na gemu za kucheza peke yako: 9 kwa 10. Kwa mwenye Nvidia ya zamani: 6. Kwa laptopu ya Intel kizazi cha 6 au 7: 7, ila kwa Mint. Kwa mtu wa FC: 0, na simtanii.

Mdogo wangu yeye ni mtu wa FC. Nilimnunulia SSD ndogo ya GB 240, nikampigia Windows 10 humo, nikaichomeka pembeni ya ile yangu kwenye mashine hiihii, akija wikiendi anabonyeza F12 anachagua ya kwake. Nikirudi Jumapili usiku mi nabonyeza ya kwangu, farasi wangu wa kwenye gemu yuko palepale nilipomwacha.